Nili na Zabibu, Vipepeo wa Jani Moja

Paukwa!
— Pakawa!
Kipepeo karuka!
— Katua wapi?
Ndilo nililojia. Na wewe huko nyuma, maliza kutafuna, leo hakuna karamu.

Hapo kale, katika shamba la kunde, paliishi kipepeo mdogo kama ukucha wa mtoto. Jina lake Nili. Mabawa buluu, buluu, buluu! Mkewe, Zabibu, alikuwa wa hudhurungi. Walilala jani moja, mabawa wameyakunja. Na wakiyakunja, lo! Upande wa chini kijivu kile kile, vidoa vile vile. Hata mvua haikujua nani mume, nani mke.

Siku moja Simba akaamuru: kila mdudu apewe ukoo, na koo mbili zisilale jani moja. Kazi akapewa Kinyonga. Kwa nini Kinyonga? Ana macho mawili, kila jicho na safari yake. Msicheke, ndivyo vyeo vinavyotolewa!

Kinyonga akaja. Hatua mbele, nusu nyuma.

"Kunjueni mabawa! Wewe buluu, ukoo wa mbingu. Wewe mama, ukoo wa matope, ng'ambo ya kijito. Achaneni."

"Bwana mkubwa, huyu ni mke wangu!"

"Rangi haisemi uongo."

Zabibu akapelekwa ng'ambo. Nili akarudi kwa Kinyonga. "Bwana, tutazame tukiwa tumekunja."

"Mimi hutazama upande wa juu tu."

Akarudi tena, na Bi Sisimizi, mlezi wa viwavi wa shamba lile. "Mwanangu Kinyonga, hawa nimewalea. Sura moja, na asali waliyonirambisha ni ile ile."

"Bibi, nani kakuuliza?"

Mara ya tatu... jamani. Mara ya tatu Nili alikwenda jiweni. Akajisugua. Buluu ikamwagika kama unga. Akasugua, akasugua, akasugua, apate kufanana na mkewe. Mabawa yakabaki kama manda ya sambusa, yamechanika.

"Bwana, sasa nipeleke kwa Zabibu."

Kinyonga akazungusha jicho moja. "Sasa huna rangi. Basi huna ukoo."

Ng'ambo, Zabibu akalia: "Nili! Nani kakwambia nataka rangi? Ruka uje!"

"Mke wangu, mabawa hayashiki upepo."

Jua halijachwa, Nili kafa. Zabibu akataga mayai kwenye mkunde, peke yake, kisha akamfuata.

Mayai yakawa viwavi. Viwavi wakawa vipepeo. Huyu buluu, huyu hudhurungi, bua moja! Kinyonga akaona. Akapauka. Akatoka mbio kwenda kutengua hukumu. Mbio za Kinyonga, mnazijua! Hatua mbele, nusu nyuma. Alipofika, jani tupu.

"Nili! Zabibu! Nimekosea! Laleni pamoja!"



Majuto ni mjukuu, na wajukuu wa Bi Sisimizi walikuwa wakimpita juu ya kichwa, wala hawamjui. Tangu siku hiyo Kinyonga huona haya kuwa na rangi yake mwenyewe. Huazima ya jani, huazima ya udongo.

Ngano yangu imetua. Ikiwa imekuchoma, nenda kalale na wako. Ikiwa haikukuchoma, hebu kunja mabawa, tukutazame upande wa chini.