Pasipo Maiti Hapana Msiba

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na nini?
Na bakuli la kioo.
Ndani ya kioo?
Maji.
Ndani ya maji?
Sema wewe, macho yetu hayafiki.

Basi tulieni niseme. Nikikosea neno mnisamehe, maana shule yangu ilikuwa fupi na ulimi wangu hupenda kuongeza chumvi. Mungu ananijua.

Hapo kale palikuwa na Sange. Sange ni yule mnyama mdogo wa vichakani, pua yake ndefu kama mkonga mdogo, na moyo wake hautulii. Jani likianguka, moyo du-du-du. Kivuli kikipita, moyo du-du-du. Aliishi na mama yake mzee. Baba yake Sange alipokufa, mama akaacha kula. Akipewa uji, husema baadaye. Akipewa kumbikumbi, husema baadaye. Baadaye haikufika, na mama akakonda mpaka ukaona mbavu zake moja moja.

Sange akasikia kwamba Fisi-maji amefungua duka kando ya mto, anauza samaki wa mapambo, wa kutazama, si wa kula. Fisi-maji hana undugu na Fisi, ila tumbo. Ana ndevu, ana meno, na akisimama mlangoni mlango hauonekani. Sange akajaza kapu la kumbikumbi, akaenda akanunua samaki mmoja mwekundu, akamweka ndani ya bakuli la kioo mbele ya mama yake.

Mama akatazama. Samaki akafungua mdomo, pwa, pwa, akala chembe.

Mama akasema, "Kumbe mwenzangu anakula." Naye akala.

Ikawa hivyo. Samaki akila, mama anakula. Samaki akikataa, mama anakataa. Sange alifurahi, kisha hofu ikamzidi, kwa kuwa sasa alikuwa na wawili wa kuwahofia. Kila alfajiri akishamaliza kusali alikwenda kuinama juu ya bakuli, aone kama yule samaki anapumua.

Siku ya tano hakupumua. Alielea ubavu juu.

Sange akafunika bakuli kwa kitambaa. Mama akauliza kama mwenzake ameamka. Sange akajibu kwamba bado amelala, mwanga unamuumiza macho. Huo ulikuwa uongo. Mimi mwenyewe niliwahi kumdanganya mgonjwa kwa namna hiyo, nikatubu, wala sina hakika kama nilitubu vizuri.

Mama akasema, "Basi akiamka uniite, mwanangu. Tutakula pamoja."

Sange akamviringisha marehemu kwenye jani la mgomba, akatoka mbio. Alikumbuka kibao cha dukani kilivyoandikwa: Samaki akifa kabla ya Ijumaa mbili kupita, lete maiti, upewe mwingine. Pasipo maiti hapana msiba.

Njiani akamkuta Digidigi. Digidigi akamwambia asijisumbue. Naye samaki wake alikufa, naye alipeleka maiti. Fisi-maji alisema, lete nimpime, nijue kama amekufa kwa ugonjwa wa kwangu au kwa uchafu wa kwako. Akampima kwa ulimi. Gugu! Akameza. Kisha akauliza, maiti iko wapi? Pasipo maiti hapana msiba. Digidigi akarudi hivi hivi.

Mbele kidogo akamkuta Kanga, ndege mwenye madoa na sauti ya kuamsha mtaa. Kanga naye alikuwa na habari ile ile. Lete nimpime. Gugu! Maiti iko wapi?

Sange akasimama katikati ya njia. Moyo du-du-du. Asipokwenda, samaki ataoza. Akienda, samaki ataliwa. Kwa njia zote mbili mama hali. Na jua lilikuwa linapanda, na mama yuko peke yake na kile kitambaa, na pepo za asubuhi hupeperusha vitambaa.

Akawaomba wale wawili jambo moja tu. Wachukue mkeka, wamfuate. Wakimwona anakaa chini, nao wakae.

Fisi-maji alikuwa mlangoni, anajichokoa meno kwa mwiba. Sange akafungua jani, akamwonyesha.

"Lete nimpime," akasema Fisi-maji.

"Nitaleta, bwana mkubwa," akasema Sange. "Ila mimi ni mwoga, na mwoga husahau. Nisomee kwanza kile kibao."

Fisi-maji akamsomea, na alipofika mwisho akapandisha sauti: "Pasipo maiti hapana msiba."

"Na penye maiti?"

"Penye maiti pana msiba. Hilo nalo la kuuliza? Lete."

Sange akampa. Fisi-maji akaweka ulimi. Gugu! Akafuta ndevu.

"Haya, mdogo wangu. Maiti iko wapi?"

Sange akaketi chini, akaweka mikono kichwani, akalia. Wengine husema alikuwa anaigiza. Mimi sisemi hivyo. Alikuwa anamlilia mama yake. Digidigi akatandika mkeka, akakaa. Kanga akafungua koo. Ke-ke-kee! Ke-ke-kee!

Sasa, kwa wanyama wa mto ule kulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, asikiaye kilio hapiti. Ya pili, matanga hukaliwa penye kaburi, na mwenye kiwanja cha kaburi ndiye mwenye jungu, ndiye anayewalisha waombolezaji.

Wakaja. Akaja Nguchiro na jamaa zake, akaja Kobe na kikoi begani. Wote wakauliza amekufa nani, na amezikwa wapi. Sange akanyoosha kidole kwenye tumbo la Fisi-maji.

"Amezikwa humo," akasema. "Na humo humo wamo wa Digidigi na wa Kanga. Kaburi moja, marehemu watatu."

Wanyama wakasikitika sana. Wakavua kofia, wakakaa mbele ya duka wakajaa. Kobe akampa Fisi-maji pole, akamuuliza kwa adabu chakula kitaiva saa ngapi.

Fisi-maji akasema huu ni upuuzi, akainuka aondoke. Wakamwambia kaburi halitembei. Akajaribu kula kiporo chake. Wakamwambia kaburi halili. Akatoa meno yote. Hapo Sange alikaribia kuzimia, nisiwafiche. Lakini Kobe akamkumbusha Fisi-maji kwamba anayeng'ata waombolezaji, siku akifa yeye, hapatakuwa na wa kumzika. Meno yakarudi ndani, moja moja.

Wateja walifika, wakaona mikeka, wakarudi. Nani anunue samaki wa mapambo msibani? Jua likafika utosini. Tumbo la Fisi-maji likanguruma, ngrrr.

"Marehemu wanasema," akanong'ona Digidigi.

"Wanasema nini?" wote wakauliza.

Sange akasogea. Miguu haikutaka, akaisukuma. Akaweka sikio juu ya lile tumbo, karibu kabisa na meno. Ngrrr.

"Wanasema hawana haja ya jungu," akasema. "Wanataka warithi. Kila mmoja apate wa kukaa mahali pake, aliye hai, anayekula. Wakipata, tanga lianuliwe hata sasa hivi."

Fisi-maji akatazama mikeka. Akatazama kiporo chake kinachacha. Akatoa samaki watatu, na Sange akawajaribu mmoja mmoja kwa chembe za chakula. Asiyekula alirudishwa, akaletwa mwingine. Mikeka ikakunjwa. Mungu anisamehe, hapa huwa nacheka, na msiba si wa kuchekwa.

Sange akakimbia, samaki kwenye chupa, moyo du-du-du. Akaingia kwa nyuma. Chubwi! Akamtia bakulini, akavuta kitambaa, akaita, "Mama, mwenzako ameamka."

Mama akaja polepole. Akainama. Akamtazama samaki shavu hili na shavu lile.

"Yule alikuwa na doa shavuni," mama akasema. "Huyu hana."

Sange akaungama yote, uongo, jani, kilio, mikeka.

"Nilijua tangu alfajiri," mama akasema. "Nilinyamaza, maana nilikuona unatetemeka. Huyu naye ataondoka siku moja. Haya, lete uji, kabla hajashiba akatuacha."

Nao wakala, wote watatu. Pwa, pwa, pwa.

Kesho yake Fisi-maji alibadilisha kibao. Sasa kimeandikwa: Maiti hazipokelewi.

Funzo la ngano hii ni kwamba uongo haufai, kilio si silaha, na masharti ya duka yaheshimiwe kama yalivyoandikwa. Sange hakushika hata moja katika hayo, na mama yake alikula. Sijui niwaambie nini. Labda hivi: soma kibao mpaka mwisho, na kama hukujaliwa kusoma, jifunze kulia.

Ngano yangu imefia hapa. Ikiwa nzuri, nendeni nayo. Ikiwa mbaya, nirudishieni kabla ya Ijumaa mbili, ila mje nayo nzima.
Na tukiwa tumeila?
Basi msiba uko kwenu.