Mize na Ndara Moja

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyinyi wa kule mlangoni, hamjala? Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani palikuwa na mtoto wa miaka kumi, jina lake Mize. Mama yake Bi Mgeni, baba yake Kombo, mchuma karafuu. Wazazi hao walipendana, lakini midomo yao, yallah! Kila wakigombana, Bi Mgeni alimalizia kwa neno moja: "Nafunga virago, nakwenda kwetu!" Kisha huyo, anarudi jikoni kukuna nazi. Wakubwa walijua ni hasira tu. Mize nani alimwambia? Hakuna.

Basi wenzake wanacheza, Mize amekaa kizingitini anamchunga mama yake.

Wakagombana kwa kuni, ndara moja ya mama ikapotea. Wakagombana kwa mchuzi, buibui likapotea. Wakagombana kwa jogoo wa jirani (jamani, jogoo wa watu!), mkoba wa safari ukapotea.

"Nyumba hii ina jini," akasema Bi Mgeni.

"Jini gani huyo wa kuvaa ndara moja?" Kombo akamcheka.

Aa, kumbe kamwasha! "Nakwenda kwetu, hata pekupeku!"

Pekupeku! Mize akasikia. Sasa afiche nini tena?

Bi Mgeni alipomwita mtoto aje ale, kimya. Wakatafuta kisimani, hayupo. Kwa jirani, hayupo. Penye majamvi ya kuanikia karafuu, hayupo. Bi Mgeni analia, Kombo analia, wameshikana mikono.

Mwisho Kombo akafunua tenga kubwa la nguo, lile alilokuja nalo Bi Mgeni siku ya harusi. Mize huyo ndani, amejikunja, amekumbatia ndara, buibui na mkoba.

"Mama, ukilibeba hili, nami umenibeba," akasema kwa kwikwi.

"Mwanangu," Kombo akambembeleza, "mama yako anasema tu."

"Sasa mimi nitajuaje la kusema tu na la kweli?"

Mnalo jibu nyinyi? Bi Mgeni akamtoa, akampakata, mtoto mkubwa vile, miguu inaburuzika chini. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani namtisha baba yako, kumbe nakutisha wewe."

Je, waliacha kugombana? Thubutu! Wiki ile ile chumvi ikazidi. Kombo akafoka, Bi Mgeni akafoka. Akafungua mdomo alitoe lile neno lake. Akalimeza. Akachungulia dirishani:

"Mize! Tunagombana na baba yako, lakini siendi popote!"

"Na baba je?"

"Nami siendi!" Kombo akaitikia, bado amenuna.

"Haya basi," akasema Mize, "gombaneni!"

Ndiyo imekwisha hiyo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi, nitautafuna na tambuu.