Kwa Nini Nyoka wa Kaburini Hana Shingo

Huyo anayegusagusa ukuta wa kaburi hili aondoe mkono kwanza, ndipo nianze. Zamani sana huku Misri maandishi yalikuwa picha, na kila picha ilikuwa nzima, simba na miguu yake, nyoka na shingo yake. Watu waliamini kwamba kaburi likishafungwa, picha zilizomo hupata uhai. Mkate uliochongwa humshibisha marehemu. Nyoka aliyechongwa je? Hilo hakuna aliyejiuliza.

Palikuwa na mchongaji aitwaye Henu, fundi hodari mwenye kujisikia. Mkewe, Tefi, aliumwa na nyoka mwenye pembe shambani, akafa. Henu akaapa kumchongea kaburi kwa mkono wake mwenyewe. Balaa ni kwamba sauti ya "f" iliandikwa kwa picha ya nyoka yuleyule mwenye pembe, na bila yeye jina la Tefi halikuandikika. Na marehemu asiye na jina kamili hatambuliwi huko aendako, hupotea kabisa.

Basi Henu akamchonga nyoka huyo. Kwa kuringia ufundi wake akamchonga mpaka magamba, akamtia na jicho. Siku ya maziko, Tefi alipokwisha kulazwa, mama yake, Bibi Ireti, aliingia kumuaga. Akamwona yule nyoka ukutani, akamgeukia Henu.

"Mkwe wangu," alisema, "mwanangu ameumwa mara moja. Sasa unamfungia humu aumwe milele?"

Henu alishikwa na hofu ambayo hajapata kuijua. Akimfuta nyoka, jina litakufa. Akimwacha, mkewe ataumwa tena, gizani, bila mtu wa kumsikia. Na mlangoni waashi walikuwa wameanza kupanga mawe, mwanga wa nje ukazidi kupungua. Ukutani yule nyoka akaonekana kutikisika. Labda ulikuwa mwali wa taa tu. Henu hakungoja kujua.

Aliweka patasi kwenye shingo ya nyoka, akapiga nyundo kwa nguvu zake zote. Vipande vya jiwe vikamrukia usoni. Kati ya kichwa na kiwiliwili likabaki pengo.

"Tefi," Henu akasoma. Jina lilisomeka lote. Bibi Ireti akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Na tangu siku hiyo wachongaji wa makaburi wakawa wanawakata nyoka vipande viwili, simba wakawagawa katikati, ndege wengine wakawanyima miguu. Mkiliona pengo hilo ukutani, msicheke mkasema fundi aliteleza. Henu aliiharibu kazi yake nzuri kuliko zote ili mkewe alale salama.