Kwa Nini Choroa Ana Masizi Usoni

Sogeeni karibu na moto, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Zamani, kabla ya barabara na malori, jangwa hili lilikuwa na adabu kuliko lilivyo leo. Wanyama walizitembelea kambi za wasafiri kama jirani anavyomtembelea jirani, na hakuna aliyemkimbia mwenzake. Choroa, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu zilizonyooka, uso wake ulikuwa mweupe pe, hauna doa. Tena alikuwa mpenda maji kupindukia. Wengine walikunywa wakiona kiu, yeye alikunywa akiona maji.

Siku hizo palikuwa na mama mmoja mjane aitwaye Dokatu, mtu wa maneno machache na macho makali. Binti yake wa pekee, Darmi, alikuwa ameposwa ng'ambo ya jangwa, na alikwisha kutangulia kwa wakwe kungoja harusi. Kwa watu wa Dokatu, bibi harusi haingii katika nyumba ya mtu mwingine. Mama yake ndiye anayeitengeneza nyumba, mikeka yake na fito zake zilizopindwa, akaipakia juu ya ngamia na kuipeleka mpaka kwa mkwe. Huko fundo la kwanza hulifunga kwa mkono wake mwenyewe, na lazima alifunge kabla mwezi haujafa. Mwezi ukimtangulia, harusi hungoja mwaka mzima. Mwaka ni mrefu kwa vijana waliopendana, na ni mrefu zaidi kwa binti anayekaa kwa mawifi wenye midomo.

Aliyeongoza msafara alikuwa shemeji yake, Galgalo, ndugu wa marehemu mumewe. Galgalo aliijua njia kama ua wa kwake, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni adabu. Sheria ya jangwa ilikuwa kwamba mgeni akifika kambini hupewa maji kwanza, habari baadaye, na maadamu kuna tone, haambiwi hakuna. Watu wote waliishika sheria hiyo, ila Galgalo aliishika mpaka sheria yenyewe ikaomba nafasi ya kupumua. Inasemekana aliwahi kumkaribisha nyoka maziwa, kisha akamwomba radhi kwa kuwa hayakuwa ya moto.

Basi Dokatu alijaza vyombo vya maji kisimani, akavinyanyua kimoja kimoja kuvipima, akaridhika. Yalikuwa maji ya kuwafikisha kwenye kisima cha ng'ambo, basi. Wakashika njia, ngamia wa mbele amebeba fito zilizochomoza huku na huku, na kila mara aligeuka kuzitazama kama anayejiuliza nani kamtundikia kitanda.

Jioni ya kwanza walipiga kambi penye mawe meusi, na wageni hawakuchelewa. Mbuni alikuja, akanywa funda moja, akawaeleza malisho yako wapi, akaaga. Bweha alikuja, akapewa mfupa, akajilaza ubavuni mwa ngamia akisema kwamba atalinda, naye akawa wa kwanza kusinzia. Dokatu alicheka, moyo ukamkunjuka. Aliona kuwa safari yenye majirani wema namna hii si safari, ni matembezi.

Kisha akaja choroa. Alisimama mbali kidogo kama mstaarabu, akapiga hodi, akauliza hali za watu, za ngamia, za watoto wa ngamia, za njia na za viatu. Galgalo alifurahi kumpata mtu wa kiwango chake, akamjazia bakuli. Choroa akalikausha, akashukuru, akaaga, akazunguka nyuma ya ngamia na kutokea upande wa pili.

"Hodi wenyewe," akasema.

"Karibu mgeni," akajibu Galgalo, na bakuli likajaa tena.

Dokatu alimvuta shemeji yake pembeni. "Huyu si ndiye yule wa sasa hivi?"

"Ndiye," akasema Galgalo. "Lakini ameaga. Aliyeaga akirudi ni mgeni."

Na sheria kweli ilisema hivyo, maana walioitunga hawakuwahi kumfikiria choroa. Jioni ile aliaga na kurudi, akaaga na kurudi, mpaka Dokatu akachoka kumtazama. Kesho yake ikawa vilevile, isipokuwa alikuja mapema zaidi, akawakuta bado wanafungua mizigo, akawasaidia kwa ushauri.

Asubuhi yake Dokatu alipokwenda kunyanyua vyombo vyake, vyote vilipanda kwa wepesi, nusura aanguke chali. Mbele kulikuwa na mchanga mtupu, kisima cha nyuma kilikuwa mbali, na wakirudi kuchota, mwezi ungekufa wakiwa njiani. Alimwona Darmi machoni pake, amekaa juu ya jiwe kwa wakwe anaangalia upande wa jangwa, na mawifi nyuma yake wananong'onezana.

"Leo akija, mwambie maji yamekwisha," alimwambia Galgalo.

"Hayajaisha, shemeji. Nitasemaje uongo mbele ya mgeni? Afadhali tufe kwa kiu na adabu zetu tunazo."

"Wewe kufa na adabu zako. Mimi nina fundo la kufunga."

Siku nzima alitembea nyuma ya ngamia. Alijua hawezi kuivunja ile sheria, kwa sababu Galgalo angekaa chini palepale mchangani na msafara ungekosa kiongozi. Basi akawa anaisokota kichwani kama anavyosokota kamba, akiitafuta ncha yake, na jioni akaipata. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hawakuwa nalo, na kulima mchanga ni kazi ya wendawazimu, lakini siku ya tatu ilikuwa imefika.

Choroa alipopiga hodi, ni Dokatu aliyemjibu. "Hodi ya nini tena, mwanangu? Leo ni siku ya tatu, na siku ya tatu mtu si mgeni. Wewe sasa ni mwenyeji wa kambi hii pamoja nasi."

Choroa alivimba kwa fahari, kwani hakuwahi kuitwa mwenyeji mahali popote. Galgalo naye machozi yalimlengalenga, maana jambo lenyewe lilikuwa la kiungwana na la kisheria. Hapo Dokatu akamalizia kwa upole. "Na mwenyeji, kama ujuavyo, hunywa mwisho, wageni wote wakishakunywa."

Choroa alimgeukia Galgalo kutafuta msaada, Galgalo akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyo. Mbuni akaja, choroa akampokea kwa tabasamu la kujilazimisha. Bweha akaja. Kisha akaja kobe, ambaye hunywa kama anavyotembea. Kila mara kobe alipoinua kichwa, choroa alidhani amemaliza, kumbe anapumua tu.

Sasa karibu na moto kulikuwa na chombo cha maziwa cha Darmi, kipana, kilichosukwa kwa mizizi, na Dokatu alikuwa akikifukiza. Huku kwetu kila mama hufanya hivyo. Hutia ndani vijiti vinavyowaka, akafunika ili moshi utoe harufu na maziwa yasiharibike, na ndani ya chombo hubaki kweusi tititi. Choroa hakuwahi kuyajua mambo ya jikoni. Alikiona chombo kimefunikwa, akajiambia kwamba yule mama mjanja ameficha maji humo. Dokatu alipokwisha kutoa vijiti, akakifunika tena na kwenda kumfunga ngamia, choroa alisukuma kifuniko kwa pua na kuchomeka uso mzima.

Masizi yalikuwa bado ya moto. Akataka kuutoa uso, uso ukagoma. Akaruka, akamvuka kobe, akaingia katikati ya fito za nyumba, akatoka upande wa pili na kutokomea mchangani, chombo cha harusi kichwani. "Hodi!" alilia kutoka mle ndani, kwa kuwa hakujua neno jingine la kuombea msaada. Na Galgalo, aliposikia hodi, alishika bakuli akamimina maji. Dokatu akampokonya bakuli lenyewe na kumkimbilia choroa.

Alimkuta amenasa kwenye kichaka cha miiba, amepiga magoti, analia ndani ya chombo. Dokatu alikuwa na hasira ya siku zote hizo, na akaisema yote, na mbele ya watoto sitairudia. Kisha akakitazama chombo. Akikikata chombo, Darmi ataingia katika nyumba yake bila chombo cha maziwa. Akimwacha mnyama hivi, atakufa. Akayamimina maji ya bakuli kidogo kidogo kuzunguka mdomo wa chombo, mpaka kikalegea, kikateleza, kikatoka kizima.

"Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho," akamwambia. "Mengine kayamaliza kobe. Umekunywa harusi ya mwanangu."

Choroa safari hii hakumuuliza hali. Aliona aibu. Aliinamisha kichwa, akaanza kuparura mchanga kwa kwato, akachimba mpaka akafikia mizizi minene iliyojaa maji. Aliijua tangu udogoni, ila aliidharau kwa kuwa ni michungu. Galgalo alipoletewa aliitafuna, akashukuru kwa uso uliokunjamana. Njia yote iliyobaki choroa alitembea mbele akiwachimbia, watu kwanza, ngamia baadaye, na yeye mwenyewe akatafuna mabaki.

Walifika mwezi umebaki ukucha. Dokatu aliishusha nyumba, akafunga fundo la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na Darmi akamwangukia shingoni akilia na kucheka kwa pamoja. Mawifi wakapiga vigelegele.

Maji yalimiminwa katika kila bakuli siku hiyo. Choroa alisimama mbali na watu. Alikuwa ameusugua uso mchangani mara nyingi, na mchanga ulizidi kuyashindilia masizi: doa jeusi puani, doa jeusi kwenye paji, na mistari miwili pale machozi yalipopita kutoka machoni mpaka taya. Dokatu alijaza bakuli akamfuata hukohuko.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Na uso nitakuosha mimi."

Choroa aliyatazama maji. "Mama, wewe ndiye uliyesema mimi ni mwenyeji," akasema. "Na wageni bado wanakuja."

Dokatu alikumbuka kuwa neno lile alilitamka kwa hila, naye choroa alilipokea kwa moyo mweupe. Aliona haya, na hapohapo akampenda. Alisimama naye pale juani mpaka maji yakapata joto, ndipo akarudi nayo.

Na tangu siku hiyo choroa ana masizi usoni, na hupitisha majira marefu bila kugusa maji, akijichimbia mizizi kwa kwato zake. Mkimwona amesimama mbali anaitazama kambi yenu, msidhani anaogopa. Anangoja wageni wamalize kunywa ndipo naye anywe, na jangwa hili halijawahi kukosa wageni. Hata leo mmekuja ninyi.