Ngiri na Jiwe la Darajani

Masikio yapo?
Yapo!
Basi yatege, ngano inapita.

Hapo zamani za kale, Mzee Ngiri alipata habari kwamba binti yake amejifungua ng'ambo ya mto. Mto ulikuwa umefurika, njia ilikuwa moja tu: daraja la gogo, mlinzi wake Bi Nguchiro.

Bi Nguchiro alikuwa na mzani. Upande mmoja jiwe, upande wa pili anakaa msafiri. Jiwe likiinuka, msafiri ni mzito, havuki.

Ngiri akakaa. Jiwe likapaa.

"Mzee wangu, gogo litavunjika," akasema Bi Nguchiro.

Ngiri akarudi nyumbani kwa huzuni. Jirani yake Panya Buku akamwambia, "Hilo dogo. Siku tatu usile, usinywe, ukimbie mlimani juani. Viazi vyako nitakulindia."

Siku ya kwanza Ngiri akakimbia, akapanda, akashuka, jasho tiriri. Akapimwa. Jiwe likapaa.

Siku ya pili akakimbia, akapanda, akashuka, jasho tiriri. Akapimwa. Jiwe likainuka kidogo.

Siku ya tatu akakimbia, akapanda, akashuka, akaona nyota mchana. Akapimwa. Jiwe likatulia chini.

"Pita," akasema Bi Nguchiro.

"Ngoja nilowanishe koo kwanza."

Akainamia mto. Akanywa, akanywa, akanywa, mpaka tumbo likalia chubwi.

"Rudi kwenye mzani," akasema Bi Nguchiro.

"Si nimeshapimwa?"

"Aliyepimwa alikuwa mkavu."

Ngiri hakusikia. Akakanyaga gogo, gogo likalia kwaa! Bi Nguchiro akamdaka mkia, akamvuta ukingoni, matope mpaka masikioni.

"Sasa Mzee, siku tatu ulipunguza nini?"

Ngiri akafikiri. "Nilipunguza maji," akasema kwa aibu.

Kufika nyumbani, viazi hakuna. Panya Buku alikuwa amekwama mlangoni mwa shimo lake, kichwa ndani, tumbo nje. Akakaa hivyo siku nne, watoto wa nyani wakimcheka.

Ngiri akaanza upya. Akala nusu ya alichozoea, akanywa maji akisikia kiu, akatembea kila asubuhi. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu ukaisha. Akaenda mtoni, akanywa akashiba, ndipo akakaa kwenye mzani. Jiwe halikutikisika.

Akavuka. Ng'ambo akamkuta mjukuu anakimbia uani.

"Babu, mbona umechelewa?"

Ngiri akampakata, akacheka. "Nilikuwa na haraka, mjukuu wangu."

Basi wenzangu, kilichotoka kwa jasho hurudi kwa kikombe. Anayetaka mwili wake ubadilike, aupe chakula cha kiasi, maji na muda.

Ngano yangu imefika mlangoni. Mwenye nyingine na aingie nayo.