Mkono wa Mchungaji Elirehema

"Mkono wa kutumwa hauponyi," alisema Bibi Nakiete, akaendelea kumenya ndizi.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wajukuu na majirani walikuwa wanampa pole Kandida, aliyeachishwa kazi hotelini wiki ile. Mwajiri wake alikuwa amemtuma dereva na kikapu cha matunda na kadi ya kumtakia baraka za Mungu. Kandida alikuwa hajui kama ale yale machungwa au amtupie mtu.

"Bibi, maneno hayo umeyatoa wapi?" akauliza.

"Yana kwao. Yalizaliwa Kimangu, kwenye kiwanda cha mablanketi. Sogeeni. Na wewe uliyekalia kisu changu, kilete."

Basi chanzo chake ni hiki.

Kimangu kulikuwa na mitambo ya kufuma inayopiga kelele mpaka husikii jina lako ukiitwa. Ndani mle watu walizungumza kwa macho na kwa vidole. Kiwanda kilikuwa na mchungaji wake, Elirehema, mtu mrefu, mpole, aliyewekwa pale enzi za neema ili awe karibu na wafanyakazi. Kwa kuwa ndani hakusikiki neno, yeye alikuwa na desturi yake: anapita kati ya mitambo, na akimwona mtu uso umemshuka, anamwekea mkono begani. Huyo anamwachia mwenzake mtambo, wanatoka nje wawili, wanakaa kwenye benchi la ukutani. Hapo utalia, utasema, utaombewa. Ukirudi, wenzako hawakuulizi kitu. Hata Mwanahawa, aliyekuwa anaswali swala tano, alikuwa akisema, "Yule padri wenu ana mkono mwepesi. Umenitoa kiungulia cha ndoa nzima." Kila siku anaambiwa si padri, ni mchungaji, na kila siku anasahau.

Kisha mitumba ikaingia. Mablanketi ya ng'ambo yakamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa, ya Kimangu yakalala ghalani yakaliwa na panya. Meneja, Bwana Mashauri, akaanza kupunguza watu. Lakini alikuwa mwoga wa macho ya watu. Alichukia kelele, alichukia mama wa watu kujigaragaza ofisini kwake. Akapata akili. Asubuhi anamwita mchungaji, anamwambia kwa sauti ya huruma, "Mtumishi, namwona Fulani ana mawazo. Hebu kakae naye kidogo, mtie moyo."

Mchungaji anakwenda. Anaweka mkono. Wanakaa kwenye benchi, wanaomba. Mchana, Fulani anaitwa ofisini akiwa keshalainika kama ugali wa mgonjwa. Anapewa barua, anatoka getini kimya kimya.

Wa kwanza, mchungaji hakujua. Wa pili, alishtuka. Wa tatu, alijua kabisa, wanangu, msimpake mafuta. Alijua, ila akajipa moyo: heri mtu afukuzwe akiwa ameombewa kuliko afukuzwe mkavu. Akaendelea kutumwa.

Wafumaji nao si vipofu. Haikuchukua muda benchi likakimbiwa. Mchungaji akichungulia mlangoni, wa kwanza kumwona anapitisha kidole shingoni, na ishara inaruka mtambo kwa mtambo. Huyu kainama kufunga kiatu, yule kaenda chooni. Mwanahawa ndiye aliyempa jina. "Israili mtoa roho," alisema, "safari hii kavaa kola."

Sasa, katika mitambo ya nyuma alikuwapo Namsifueli. Baba hana, mume hana, ana mama tu, na mama mwenyewe yuko milimani amevimba miguu, anaishi kwa dawa. Dawa zinatoka kwenye mshahara ule. Kwa hiyo Namsifueli alikuwa analinda kazi yake kama mtu anayebeba kaa la moto kutoka kwa jirani upepo ukivuma. Aliwahi kuketi kwenye benchi lile siku za nyuma, akalia mpaka akapona. Sasa akimwona mchungaji anainama nyuma ya mtambo.

Siku moja gari la usharika lilisimama getini. Lilikuwa linapandisha muuguzi milimani, na dereva alikuwa na ujumbe kwa mchungaji: mama yake Namsifueli yuko kwenye pumzi za mwisho, anamwita mwanawe, nafasi ipo garini.

Mchungaji akaingia kiwandani mbio. Hakuwahi kukimbia. Watu walipomwona anakimbia, huku macho yake yanatafuta mitambo ya nyuma, wakajua leo ni zamu ya Namsifueli. Kidole kikapita shingoni. Namsifueli akashuka chini ya mtambo, akatambaa mpaka ghalani, akajichimbia kati ya marobota ya sufu. Hawatanigusa, alisema moyoni. Leo hawatanigusa.

Huku mchungaji akamfikia Mwanahawa, akamwinamia sikioni, akapiga kelele, "Namsifueli yuko wapi? Mama yake anamwita! Gari linangoja!"

Mwanahawa akamtazama juu mpaka chini. Wiki iliyopita mkono huohuo ulimtoa mfumaji nje akiambiwa anakwenda kuombewa mwanawe mgonjwa. Mchana akapewa barua.

"Hakuja leo," akasema.

"Mwanahawa, nakuomba kwa Mungu!"

"Wa kwangu au wa kwako? Hakuja!"

Mchungaji akazunguka kila mtambo. Kila mtu alitikisa kichwa. Kiwanda kizima kilikuwa kitu kimoja siku ile, na kilijisifu kwa umoja wake. Gari lilingoja, likapiga honi, likaondoka.

King'ora cha jioni kilipolia Namsifueli akatoka ghalani, nywele nyeupe kwa sufu. Wakamshangilia kama bibi harusi. Akacheza.

"Nimebaki!" alisema. "Nimebaki na kazi yangu!"

"Ungemwona!" Mwanahawa akajishika mbavu. "Leo kaja na uongo mpya. Eti mama yako anakuita, eti gari la usharika linangoja getini!"

Watu wakacheka. Kisha wakamwona Namsifueli hachezi.

Alikimbia mpaka getini. Mlinzi akasema ndiyo, gari lilikuwapo, la usharika, limengoja sana. Alipata lori la mbao, akapanda milima. Alipofika alikuta wanawake wamejifunga kanga kiunoni, na uani moto mkubwa umewashwa. Shangazi yake akamshika. "Alikuwa anauliza, 'Namsifu amefika?' Tukawa tunamwambia yuko njiani. Akauliza mpaka akanyamaza."

Alizika. Hakulia. Waombolezaji walishangaa, lakini mtu mwenye hasira ya namna ile machozi huchemka yakaisha kabla hayajatoka.

Aliporudi Kimangu ilikuwa saa ya sala. Kila asubuhi kabla ya king'ora, wafanyakazi walisimama uani, mchungaji akaomba, meneja akasikiliza kwenye ngazi za ofisi. Mchungaji alipomwona akaacha sala katikati. Akamwendea, mkono umenyooshwa.

"Usiniguse!"

"Pole sana, dada yangu. Nilikutafuta…"

"Najua ulinitafuta! Nilikuwa kwenye marobota, nakukimbia wewe. Mama yangu anakufa, na mimi najificha kama mwizi, nakimbia mtu anayekuja kuniambia. Nani alinifundisha kukukimbia? Sema!"

"Nilidhani nawasindikiza wenzetu wasiondoke peke yao."

"Kusindikiza? Wewe ulikuwa unamshika kuku, mwenye kisu apate kuchinja bila kuchafuka! Mkono huu niliupenda, Mchungaji. Ulinitoa sumu moyoni. Halafu ukamwazima yule pale." Akaonyesha ngazi. "Umetumwa. Na mkono wa kutumwa hauponyi!"

Bwana Mashauri akakohoa. "Jamani, kufiwa ni kugumu, tumwelewe. Mtumishi, maliza sala watu wakafanye kazi." Mchungaji aliposogea, meneja akashusha sauti, ila uani hapakuwa na mitambo ya kuifunika. "Na baadaye kakae kidogo na Mzee Sempombe. Namwona ana mawazo."

Mzee Sempombe, fundi wa mitambo, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mchungaji alisimama. Kisha akapanda zile ngazi, akainua mkono, akauweka begani kwa Bwana Mashauri, mbele ya watu wote. Akauacha hapohapo.

"Nami nakuona una mawazo," akasema.

Mwanahawa akapiga kigelegele. "Kaguswa! Meneja kaguswa!"

Bwana Mashauri akajipangusa bega kama aliyeangukiwa na cheche. "Mlinzi! Mtoe huyu! Asionekane tena hapa!"

Msidhani mambo yalitengemaa. Watu waliendelea kupunguzwa, na Sempombe aliondoka. Lakini toka siku ile meneja alilazimika kushuka mwenyewe, na kumwambia mtu uso kwa uso, na kutazamwa.

Jioni ile, Namsifueli alipotoka, alimkuta mchungaji nje ya geti, amekaa kwenye gogo la mama ntilie pamoja na wale waliofukuzwa. Hana kola. Baadhi walikuwa wamempa mgongo. Namsifueli akasimama mbele yake.

"Leo nani kakutuma?"

"Hakuna. Hata mimi nimefukuzwa."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe." Akakaa kwenye gogo. Mchungaji hakuthubutu kuinua mkono. Namsifueli akaushika mwenyewe, akauweka begani kwake, na hapo ndipo kilio cha kumlilia mama yake kilipotoka, mpaka mama ntilie akaacha kupakua.

Bibi Nakiete akatumbukiza ndizi ya mwisho sufuriani.

Kandida akakichukua kikapu, kadi na machungwa yake, akafungua mlango. Dereva aliyekileta alikuwa bado yuko kibarazani, anamaliza chai.

"Kaka, wewe karibu ule, huna kosa," alimwambia. "Ila hiki mrudishie bosi. Mwambie nyumba yangu anaijua, aje mwenyewe. Mkono wa kutumwa hauponyi."