Jemadari wa Stoo

"Paka mzee haulizwi panya." Ndivyo alivyojibiwa mwenzenu asubuhi hii, alipomwona Bi Hoza ameegemea ukuta kando ya jiko, akauliza kwa sauti ya mkaguzi wa elimu, "Huyu bibi kazi yake hapa ni nini?" Nanyi kidato cha kwanza mkacheka, mkidhani jikoni kumeingia panya. Sasa kaeni vizuri. Anayetafuna, ameze. Mimi ndiye mzee wa bweni hili, nina goti linalouma kila siku ya mchakamchaka, na nitawaeleza methali hiyo ilizaliwa wapi.

Ilizaliwa hapa hapa shuleni, wakati Bi Hoza ndiye mpishi mkuu na mwiko wake ukiogopwa kuliko kengele. Siku hizo stoo ya mahindi ililindwa na paka aliyeitwa Jemadari. Katika ujana wake, panya waliosikia sifa zake walihamia shule ya jirani, nao wa huko walipolalamika hawakupata wa kuwasikiliza.

Kisha Jemadari akazeeka. Macho yakaingia ukungu, meno yakamwisha, mgongo ukabaki mifupa mitupu. Bi Hoza alikuwa akimtwangia dagaa kwenye kinu, akawalainisha kwa mchuzi na kumlisha kwa kidole. Usiku paka huyo alilala mdomoni mwa jiko, juu ya majivu yenye vuguvugu. Mnaijua baridi ya Lushoto ukungu unaposhuka mwezi wa saba. Majivu yale ndiyo yaliyomweka hai.

Akaja mtunza stoo mpya, Bwana Shekiango. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu nao una kucha zake. Siku moja alisimama mlangoni mwa jiko na gunia tupu mkononi.

"Mama, mahindi yanaliwa, na huyu anakula dagaa. Panya wake wako wapi?"

"Aliwamaliza kabla hujaja," alisema Bi Hoza bila kugeuka.

"Mimi nauliza wa sasa."

Akalitundika gunia kwenye msumari. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Katika milima hii paka asiyetakiwa hauawi. Hutiwa guniani, mdomo wa gunia ukafungwa kamba, akapakiwa kwenye lori la mboga na kuachwa mbali, asikoweza kukumbuka njia ya kurudi. Lori la mboga lilikuwa linakuja Jumamosi.

Aliyesikia maneno hayo ni Singano, mwanafunzi aliyekuwa jikoni akimenya viazi. Alikuwa akimenya viazi mara nyingi, kwa kuwa adhabu zilimpenda. Ndiye aliyewahi kumvisha mbuzi wa mwalimu wa zamu tai ya shule na kumpeleka gwaride. Lakini wiki zake za kwanza hapa, alipokuwa akilia kwa kukumbuka kwao na kusingizia vitunguu, Jemadari ndiye aliyemlalia miguuni.

Kesho yake, kabla ya kengele, Singano alikwenda karakana ambako mafundi walitega mitego, akachukua panya waliokufa na kuwapanga mbele ya Jemadari kama medali. Jemadari alinusa mmoja, akarudi kulala.

Bwana Shekiango alipoingia, alisimama.

"Shikamoo, mzee," alisema Singano. "Jemadari amerudi kazini."

"Marahaba. Huyu? Hata meno hana. Amewaua kwa kitu gani?"

"Kwa uzoefu, mzee."

Bi Hoza aliinamia sufuria, mabega yakitikisika kwa kicheko. Alijua, akanyamaza. Mchezo ule ukarudiwa kila asubuhi. Siku ya lori gunia halikuguswa, na Singano akatembea kifua mbele kama waziri.

Jioni hiyo hiyo Bwana Shekiango alikuja na ufunguo wa stoo, uso umejaa heshima.

"Nilimkosea huyu mzee," alisema. "Askari wa namna hii halali jikoni. Kuanzia leo atalala kwenye mahindi."

"Kule sakafu ni saruji," alisema Bi Hoza. "Baridi itamwumiza."

"Anayeua panya kila siku, baridi itamfanya nini?"

Bi Hoza akamtazama Singano. Singano akamtazama Bi Hoza. Kusema ukweli kungelishusha gunia. Kila mmoja akamngoja mwenzake aseme, na wote wawili wakaliangalia gunia pale msumarini. Singano alivua sweta lake akamtandikia Jemadari, Bi Hoza akamwekea sahani ya dagaa, na mlango ukafungwa.

Ulipofunguliwa asubuhi, Jemadari alikuwa amekufa. Aliliacha sweta, akajikokota hadi kizingitini, na pua yake ilielekea jikoni. Sahani ilikuwa nyeupe. Kandokando yake kulikuwa na kinyesi cha panya.

"Panya wamekula chakula chake," alisema Bwana Shekiango polepole. "Na wale wa kila asubuhi?"

"Wa karakana, mzee. Niliwaleta mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemtia guniani."

Bi Hoza alipiga magoti, akamfunga Jemadari kwa kanga yake.

"Wewe ulimwuliza Jemadari panya," alimwambia Bwana Shekiango. "Na sisi, badala ya kukukataza kuuliza, tukamtafutia majibu. Paka mzee haulizwi panya. Huulizwa kama amekula. Huulizwa kama anasikia baridi."

Hakuna aliyechapwa siku hiyo, na Singano alisema baadaye kwamba afadhali angechapwa. Bwana Shekiango alichimba kaburi mwenyewe nyuma ya kuni. Bi Hoza akalimwagia karai zima la majivu ya moto. Yalitoa moshi kidogo, kisha ukungu ukayapoza.

Bi Hoza hapiki tena. Mwiko umemshinda, macho nayo yameanza kuingia ukungu. Pale anapokaa ndipo alipokuwa akilala Jemadari. Kesho mkipita jikoni, mwamkieni, mmsogezee kigogo kimoja motoni. Wewe uliyeuliza, utamuuliza kama amekunywa uji. La kazi yake, acha. Paka mzee haulizwi panya.